Pumzi ya Gari la Buluu

Tangu azaliwe, Bi Mejumaa hakuwahi kukanyaga yadi ya makontena, japo kutoka nyumbani kwake Kibokoni hadi Kilindini ni mwendo wa tuktuk tu. Jumapili hiyo alikanyaga, tena kwa lango kubwa, kapu la viazi vya karai mkono huu, chetezo cha udi mkono huu, amevaa buibui alilolinunua kwa ajili ya Idi. Bawabu akamsimamisha.

"Mwamtaka nani, mama?"

"Nimekuja kumtazama mjukuu wangu akishindana kwa gari."

"Mjukuu wako yupi? Pale kuna wanaume watatu na msichana mmoja."

"Basi," akasema Bi Mejumaa, na akapita zake.

Fairuz alikuwa amechutama kando ya gari la buluu, ovaroli limeingia grisi hadi magotini, ushungi kaukaza kwa nyuma usije ukanaswa na feni. Alipomwona nyanya yake aliinuka akanyoosha kiwiko badala ya mkono, maana viganja vilikuwa vyeusi tititi. Bi Mejumaa akakishika kile kiwiko kwa mikono miwili, kama ashikaye kitu cha tunu.

Alimlea msichana huyu tangu ana miaka mitatu. Mtaa mzima uliposema binti wa Kiislamu hawi fundi wa magari, Bi Mejumaa hakujibu mtu. Alikuwa mpishi wa udi, na mpishi wa udi hana nafasi ya kujibizana: sukari iko juu ya moto mdogo, ukoroge, ungoje, ukoroge, ungoje, ukigeuka kumtukana jirani mara moja tu, imeungua. Alikoroga udi wake, na Fairuz akasoma ufundi, akapata cheti, akaajiriwa gereji ya Zoher, nyuma ya Mwembe Tayari. Leo ilikuwa siku ya kujulikana kama alisoma au alipoteza wakati.

Mambo yalikuwa hivi. Zoher, mwenye gereji na duka la spea, alinunua gari mbili za Supra za mwaka themanini na tisa zilizokuwa zimelala bandani huko Kizingo miaka na miaka. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja: injini lita tatu, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, taa za mbele za kufumba na kufumbua kama macho. Tofauti yao moja tu. Jeupe halikuwa na turbo. La buluu lilikuwa nayo. Zoher aliwaza awe nazo zote mbili, lakini spea za magari yale hazipatikani tena Mombasa wala kwengineko. Ili moja liishi, jengine lazima lichinjwe.

Akampa jeupe Fundi Tsofa, mkuu wa gereji, mtu wa Kaloleni aliyeanza kufungua injini kabla Fairuz hajazaliwa. La buluu akampa Fairuz. "Mtengeneze," akawaambia. "Kisha tutayakimbiza mara mbili. La buluu likishinda hata mara moja, libaki. Likishindwa zote mbili, lifunguliwe bolti moja moja liwe akiba ya mwenzake." Miezi saba Fairuz alilala na gari lile midomoni. Hata akila alikuwa akilitaja.

Ndipo jioni moja jikoni akamweleza nyanya yake.

"Nyanya, jiko la makaa likizubaa hufanywaje?"

"Hupepewa."

"Basi injini isiyo turbo yavuta hewa kwa pua zake tu, kama jiko lililoachwa dirishani lijipatie upepo wake. Yenye turbo ina feni ndogo. Ile feni yazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini yenyewe, nayo yasukuma hewa ndani kwa nguvu. Hewa nyingi, petroli nyingi, moto mwingi."

"Yaani yajipepea kwa moshi wake?"

"Kwa moshi wake."

"Mungu mkubwa. Na kasoro yake?"

Fairuz akacheka. Ni mtu mmoja tu duniani aliyeuliza kasoro kabla sifa hazijaisha. "Kasoro yake, yangoja. Ukikanyaga mafuta, sharti moshi uje kwanza, feni izunguke, ndipo nguvu ifike. Isiyo turbo yakujibu papo hapo. Tena yenye turbo ina joto, ina mipira mingi ya kupitishia hewa, viungo vingi. Mahali pengi pa kuharibika."

"Viungo viangalie," alisema Bi Mejumaa. "Lakini kungoja si kasoro."

Sasa yale magari mawili yalikuwa yamesimama ubavu kwa ubavu, kila moja na fundi wake kwenye usukani, kwenye lami ya yadi, njia iliyonyooka mita mia nne katikati ya makontena, hakuna lori wala mpakizi siku ya Jumapili. Chengo, fundi wa umeme, mtu wa domo refu, alisimama mbele na kitambaa chekundu. Zoher alikuwa mwisho wa njia na kofia yake nyeupe ya darizi za dhahabu, mwamuzi. Bi Mejumaa aliketi juu ya kreti kivulini, akaliweka kapu miguuni, akasema bismillahi.

Kitambaa kikashuka.

Jeupe likachomoka kama lililokuwa likisikia kelele za kitambaa chenyewe. La buluu likafuata, likivuta, likivuta, na Bi Mejumaa akajiambia, haya, sasa ndio kule kungoja kwenyewe, sasa hivi nguvu yaja. Akangoja. Nguvu haikuja. Kilichokuja ni moshi mweusi nyuma, kama wa jiko la mafuta ya taa lililowashwa na mtu asiyejua. Jeupe lilipita mbele ya Zoher, mtu angepata wasaa wa kupiga chafya mara mbili, ndipo la buluu likapita.

Yaliporudi taratibu, Chengo alikuwa hajiwezi kwa kicheko.

"Fairuz! Hiyo turbo yapumua au ina pumu?"

"Chengo, nyamaza," alisema Fairuz.

"Linyamazishe gari lako kwanza, laenda likikohoa!"

Fundi Tsofa alishuka polepole, akafuta jasho. Hakucheka. Afadhali angecheka. "Binti yangu, nilikwambia mapema. Injini ni kama mtu, ikiwa na mambo mengi haina raha. Hii yangu haina turbo, haina maneno. Waikanyaga, yaitika. Turbo ile ishakuwa mzee, haina nguvu tena. Si aibu yako."

"Turbo ni nzima, fundi. Niliifungua mwenyewe, yazunguka kama pia."

"Basi gari lina nini?"

"Lina kitu halijaniambia."

Zoher alifika akitembea, jasho limemlowesha kanzu mgongoni. Alimpenda Fairuz, hilo kila mtu alilijua, lakini alikuwa mfanyabiashara wa neno moja. "Nilisema mara mbili. Ya pili ni baada ya sala ya adhuhuri. Likishindwa tena, kesho asubuhi lafunguliwa bolti. Nisilaumiwe."

Wenye kusali wakasali, na Zoher akaenda kunywa chai. Tsofa na Chengo wakabaki na viazi vya karai. Fairuz akafungua boneti akaingiza kichwa. Akatoa plagi zote sita, akazitazama, akazirudisha. Akasikiliza pampu ya petroli. Akashika mipira ya juu mmoja mmoja, akakaza kila alichokiona. Mwisho akasimama wima na mikono kiunoni, na Bi Mejumaa, ambaye alikuwa amemwona akianguka kwenye ngazi za Kibokoni, akimaliza mtihani, akifiwa na mama, alimwona, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, hajui aanzie wapi.

Hakumwambia pole. Alichukua makaa mekundu kwenye jiko la chai la bawabu, akayatia kwenye chetezo, akatia vipande viwili vya udi.

"Bi Mejumaa, mwataka kutuchoma?" aliruka Chengo. "Hapa pana petroli!"

"Petroli iko nyuma, mimi niko mbele. Nguo ya bi harusi hufukizwa kabla ya kuvaliwa, na mgeni hufukizwa kabla ya kuingia. Gari hili latoka mbele za watu, nalo lifukizwe. Tena leo limepigwa jicho, na wa kwanza kulipiga ni wewe."

Kwao Mji wa Kale chetezo hakishikwi mkononi juu ya nguo. Huwekwa chini, nguo ikatandazwa juu ya tenga, moshi ukapanda wenyewe ukipenya kila uzi. Basi Bi Mejumaa alifanya hivyo hivyo. Aliinama akakisukuma chetezo chini ya bampa la mbele, akarudi nyuma, akaangalia moshi ukipanda ndani ya gari kwa utulivu, ukatokea juu kwenye boneti iliyofunuliwa kama ukungu.

"Washa," akasema.

"Nyanya?"

"Washa. Kitu hufukizwa kikiwa hai."

Fairuz, kwa heshima tu, akawasha. Moshi ukaendelea kupanda vilevile.

"Kanyaga mafuta."

Akakanyaga. Injini ikanguruma, na hapo Bi Mejumaa akaona kitu. Mambo ya moshi alikuwa akiyajua. Miaka hamsini alikuwa akiutazama unavyotembea. Kulia, kushoto, juu, moshi ulitikisika tu na upepo wa feni. Lakini chini pembeni, nyuma ya bampa, pahali pasipo feni, ulipulizwa. Ulikatwa ukatupwa kando, fuu, fuu, kila Fairuz alipokanyaga, kama pana mtu amejificha mle ndani akiupuliza kwa mdomo.

"Zima," akasema. "Njoo. Gari lenu lina tundu ubavuni. Pumzi yatokea hapa."

Akaondoa chetezo, akapiga magoti na buibui lake la Idi juu ya lami, akaingiza uso pale chini. Na kabla Fairuz hajafika, harufu ikampiga puani. Harufu ya udi aliijua, harufu ya petroli aliijua pia. Hii ilikuwa ya tatu. Ilikuwa mafuta ya nazi yaliyopata moto, tena si ya duka. Yalikuwa na asumini.

Mafuta ya nazi yenye asumini ya namna ile hupikwa nyumba moja tu Kibokoni.

Akakumbuka. Mwezi uliopita Fairuz alirudi na vidole vimechubuka, akalalamika mpira mmoja mnene umegoma kuingia kwenye bomba lake. Naye Bi Mejumaa akampa chupa ndogo, akamwambia: bangili ya bi harusi ikigoma kupita mkononi, hailazimishwi, wapaka mafuta ya nazi, yaingia yenyewe. Siku ya pili Fairuz alirudi akicheka. Uliingia, nyanya, wallahi, kama bangili!

Fairuz alikuwa tayari yuko chini ya gari amelala chali. Tsofa naye alikuja na tochi yake, akainama, akashika ule mpira. Ukamteleza mkononi. Ulikuwa umejivuta nusu nzima kutoka kwenye bomba, umeshikwa na klipu ya chuma kwa ukingo tu. Ukiutazama kutoka juu huoni kitu. Tsofa akanusa vidole vyake, na uso ukabadilika.

"Nani katia mafuta hapa?"

Akawageuzia tochi wote.

"Nauliza, nani katia mafuta? Mpira wa hewa ya turbo haupakwi mafuta! Hushindiliwa mkavu. Ukiupaka, gari likiwa limetulia utakaa, lakini hewa ikija kwa nguvu wateleza wachomoka. Hewa yote yamwagika nje, petroli yabaki haina mwenzake, ndio ule moshi mweusi. Hili ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza!"

Zoher alikuwa amesharudi, amesimama nyuma yao.

"Ni mimi," alisema Fairuz kutoka chini ya gari.

Bi Mejumaa alisikia lile "ni mimi", akajua halikuisha. Neno moja tu lilikuwa limebaki, la kumtaja aliyemfundisha, na msichana alikuwa amelimeza. Ingekuwa rahisi na yeye alimeze. Nani angejua? Mama mzima aliyeleta viazi na udi.

"Si yeye," akasema, akainuka kwa kushikilia bampa. "Fundi Tsofa, mafuta hayo ni yangu. Niliyapika kwa mkono wangu, na ni mimi niliyemwambia ayapake. Mimi najua bangili, sijui mipira. Nilimfundisha nisichokijua."

Fairuz akatoka chini ya gari, uso umepakaa masizi. "Nyanya alinipa chupa, basi. Mkono uliopaka ni wangu. Cheti ni changu. Yeye hakusomea kazi hii, mimi nilisomea."

"Usinikatize, nazungumza na fundi wako."

"Nanyi msibebe lisilo lenu!"

Zoher akainua mikono miwili. "Subirini! Subirini kwanza. Miaka thelathini na tatu nafanya biashara na mafundi. Nimeona watu wakitupiana makosa mpaka spana zikaruka. Watu wawili kugombea kosa moja, kila mmoja ataka liwe lake, hili sijaliona." Akamtazama Tsofa. "Fundi, waonaje?"

Tsofa alijikuna kidevu. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mchukuzi wa siku ile alikuwa yeye. Angeweza kusema saa imefika, tukimbie hivyo hivyo. Badala yake alikwenda kwenye kisanduku chake, akarudi na chupa ya petroli na kitambaa safi.

"Uoshe mpira na bomba, vyote viwili, mpaka visikike vikilia kwa ukavu," akamwambia Fairuz. "Usitegemee macho, tegemea kidole. Mimi sishindani na gari lililovuliwa nguo."

Ilimchukua dakika arubaini. Tsofa hakumsaidia hata kwa spana moja, na Fairuz hakuomba. Lakini alikaa pale pale, tochi mkononi, akimulika palipotakiwa. Mpira uligoma mara nne. Mara ya tano Fairuz alisukuma kwa bega akapiga kelele, ukaingia, akakaza klipu mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Vidole vilikuwa vikitoka damu tena, na safari hii nyanya yake hakuwa na dawa yoyote ya kumpa.

Chengo akainua kitambaa.

Jeupe likachomoka kama mara ya kwanza, halina deni wala kinyongo. Robo ya njia liko mbele kwa boneti nzima. Nusu ya njia bado liko mbele, na Bi Mejumaa alikuwa amesimama juu ya kreti, hajui alipandaje. Kisha akasikia mluzi. Mwembamba, wa juu, kama wa birika linalokaribia kuchemka, ukatoka tumboni mwa gari la buluu na ukazidi. Gari likainua pua. Hapakuwa na moshi mweusi. Lilimkuta Tsofa, likalingana naye dirisha kwa dirisha, na watu wote wakaona Tsofa akigeuza kichwa kutazama. Kisha halikuwa naye tena. Lilipita mbele ya Zoher likiwa limeacha urefu wa gari zima na nusu ya pili, na kofia ya Zoher ikaruka.

"Huyo ni mjukuu wangu!" alipiga ukelele Bi Mejumaa kumwelekea bawabu, ambaye alikuwa ameacha lango wazi na kuja mbio. "Uliuliza yupi? Huyo!"

Bawabu akasema, "Nimemwona, mama."

Waliporudi, Zoher hakufanya hotuba. Alisema, "Neno ni neno. La buluu labaki," akaenda kuokota kofia. Chengo akajitwalia kiazi, akala.

Fundi Tsofa alibaki ndani ya gari jeupe, mikono juu ya usukani. Fairuz akamwendea, akasimama dirishani.

"Fundi, gari lako halikushindwa. Mpaka nusu ya njia lilikuwa lanifundisha kazi."

"Najua," alisema Tsofa. "Halikuwa na kosa hata moja, hili. Nalisema nikiwa nimekaa ndani yake." Akashuka, akafunga mlango kwa upole. "Zoher! Litakapovunjwa, nitalivunja mimi mwenyewe. Mkono wa mtu mwengine usiliguse."

"Limekubaliwa."

"Na wewe," akamgeukia Fairuz, "kesho saa mbili unione. Kuna Land Cruiser ya turbo ya mteja imenisumbua wiki mbili. Ukaiangalie."

"Niiangalie nawe?"

"Uiangalie. Mimi nitashika tochi."

Fairuz alifuta mikono kwenye ovaroli. Aligeuka akamtafuta nyanya yake kwa macho, na Bi Mejumaa aliyaona yale macho, akayapokea, akayaweka pahali pake. Angelia, lakini buibui la Idi lilikuwa lishapata grisi, halikuhitaji na machozi.

Alikwenda akafungua mlango wa abiria wa gari la buluu. Kiti kilikuwa chini mno, akaingia kwa awamu, mguu, kiuno, mguu wa pili.

"Nyanya, mwafanya nini?"

"Nakaa. Nifunge huu mkanda. Na uende mwendo ule ule, usinipunguzie kwa sababu ni mzee."

Fairuz akaingia, akawasha, akamtazama mara moja, akakanyaga mafuta. Mwanzo palikuwa na kule kungoja, kitambo kidogo, Bi Mejumaa akakihesabu kimoyomoyo, moja, mbili. Ndipo mkono mkubwa ukamshika kifuani ukamkandamiza kwenye kiti, makontena mekundu na ya kijani yakawa mstari, na mluzi ukawajaa masikioni.

Mwisho wa njia gari likasimama. Ushungi wa Bi Mejumaa ulikuwa umemwendea kisogoni.

"Nyanya? Mko salama?"

"Geuza," akasema. "Twende tena."